Rampu inageuka mto kila mvua ikinyesha, nianzie wapi?

Mtaro_Mkavu:
Wakuu, habari za kazi. Nipo mgodi wa wazi huku Kanda ya Ziwa, nimekabidhiwa barabara za madampa, malori makubwa ya kubeba mawe, juzi juzi tu. Rampu yetu, barabara ya kushukia shimoni, ina upana wa mita 25 na mwinuko wa asilimia 10, dampa ni za tani 90. Mvua ya nusu saa ikipiga, maji yanashuka katikati ya barabara tangu juu hadi chini, yanachimba mle mle matairi yanamopita. Kazi inasimama mpaka pakauke. Bosi anataka tumwage kifusi sentimita 30 rampu nzima. Mitaro ipo, lakini hata mvua ikiwa kubwa huwa haina maji ya maana. Tumwage tu, au kuna kitu sikioni?

Kokoto_Ngumu:
Mwaga mkuu, ila kiwe kifusi chenye kokoto ngumu, na kishindiliwe vizuri.

Bi_Greda:
Mdogo wangu, jibu umeshaliandika mwenyewe: barabara imejaa maji, mtaro mkavu. Kuna kitu kinayazuia yasifike huko. Nimekaa kwenye greda miaka mingi kabla ya kusimamia barabara, na pa kwanza ninapoangalia ni ukingoni. Opereta akishapiga greda huacha kijituta chembamba cha udongo pembeni, hakizidi kimo cha kiganja. Mchana wa kiangazi hukioni. Mvua ikija, hicho ndicho kinachoyafungia maji barabarani. Mwambie akimaliza kazi arudi akiondoe, kila zamu, bila kusubiri kukumbushwa.

La pili ni mgongo wa barabara, yaani katikati iliyoinuka ili maji yateremkie pembeni. Piga hesabu uone. Mgongo ukiwa katikati, maji yana mita 12.5 tu za kuvuka. Lakini kwa mwinuko wa asilimia 10 hayavuki moja kwa moja, yanakwenda mshazari. Barabara ikilala kwa asilimia 3 kuelekea pembeni, yanatembea kama mita 43 ndiyo yafike ukingoni. Matairi yakiusugua mgongo hadi ibaki asilimia 1, yanatembea zaidi ya mita 120! Umbali wote huo yanazidi kupata nguvu na kuchimba. Kifusi cha sentimita 30 juu ya mgongo uliokufa kitasombwa chote, na hiyo ni pesa inayoteremka shimoni.

Kwenye rampu ya shimo mimi napenda barabara yote ilale upande mmoja, upande wa ukuta, siyo upande wa shimo. Maji yaende kwenye mtaro wa ndani hadi kwenye kisima cha pampu. Ukiyapeleka upande wa shimo yanakula kingo, na juu ya kingo hiyo ndipo lilipo tuta la usalama linalomzuia dereva asitumbukie.

Bosi akibisha, ongea naye kwa lugha ya uzalishaji. Tairi likizama sentimita 5, mkokoto, yaani ule ukinzani wa barabara kwa tairi linalozunguka, unaongezeka kama asilimia 3. Barabara nzuri ni mkokoto wa 2 na mwinuko wa 10, jumla 12. Ukiwa na tope inakuwa 15. Injini ni ile ile, kwa hiyo dampa yenye mzigo inapoteza karibu moja ya tano ya mwendo. Na raba iliyolowa inakatwa na jiwe kirahisi kuliko kavu, muulize fundi wa matairi.

Msimamizi_Mazingira:
Naunga mkono. Nyongeza: mtaro wenye mteremko huo uvalishwe mawe, la sivyo utajichimba wenyewe. Msichukue mawe yenye madini ya salfa, yakinyeshewa yanatoa maji ya tindikali. Na maji yenye tope yapitie bwawa la kutuliza kwanza, yasiende mtoni moja kwa moja.

Mtaro_Mkavu:
Dada, asante sana. Jana mvua imepiga, tukasimamisha madampa, nikapanda na koti langu. Kijituta kipo upande wote wa kushoto! Tulipokikata kwa sepetu sehemu moja, maji yakaingia mtaroni pale pale. Greda inaanza leo. Sasa kule chini kwenye mbuga, bonde la udongo mweusi, nako nitoboe mtaro tu?

Bi_Greda:
Hapana, mbugani ni kinyume. Ukichimba chini unakaribisha maji. Inua barabara kwa tuta la mawe makubwa ya mgodini, sehemu ya chini kabisa ya uso wa barabara ikae juu ya usawa wa maji ya masika, kisha kalavati kila penye njia ya asili ya maji. Toa mdomo wa kalavati mbele ya mguu wa tuta na upange mawe hapo yanapoangukia. Mwangalie pia mtu wa boza: kiangazi akimwaga maji mfululizo kwenye rampu, amekuletea masika. Amwage vipande vipande, kimoja kinaachwa kikavu ili dampa ipate breki.

Kifusi omba baadaye, barabara ikishalala vizuri kuelekea mtaroni.