Tupeane uzoefu: diski yako ya Linux umeigawaje ili mafaili yako yabaki salama?

Wakuu, naanza mimi. Diski ya GB 500 nimeikata hivi: MB 512 za EFI (sehemu ya kuwashia mashine), GB 50 za mfumo (/), zote zilizobaki ni /home (folda za watumiaji). Nikipiga Linux upya nachagua kugawa mwenyewe, nafomati / peke yake, na /home naielekeza palepale bila kuweka tiki ya kufomati. Hiyo tiki muiangalie mara mbili. Mfumo ukiwaka, picha, nyaraka, hata bukumaki za Firefox nazikuta. Nyie je?

*

Sisi mashine tunatumia wawili. Baada ya kupiga upya, akaunti ya mwenzangu ilitangulia kufunguliwa, ikachukua namba 1000 iliyokuwa yangu. Linux haijali jina, inaangalia UID (hiyo namba ya mtumiaji), kwa hiyo kila mtu akawa anamiliki folda ya mwenzake! Tulicheka, kisha chown -R (amri ya kubadilisha mmiliki wa mafaili) ikamaliza kesi. Kabla ya kufuta mfumo wa zamani, andika pembeni majibu ya amri ya id, inayoonyesha namba yako.

*

Mkuu, mimi /home siitengi. Nina distro (aina za Linux) mbili, na zilipotumia /home moja mafaili yaliyofichwa ya mipangilio (.config na wenzake) yaligombana: toleo jipya la programu linaandika, la zamani linashindwa kusoma. Nikatenga patisheni (kipande cha diski) ya /data, Nyaraka na Picha zikakaa humo kwa symlink (njia ya mkato), kila distro ikabaki na /home yake. Kwenye fstab (faili linaloorodhesha patisheni za kuunganisha mashine ikiwaka) naweka UUID (kitambulisho cha patisheni), siyo /dev/sdb1, maana hizo herufi huhamahama.

*

GB 50 za / ni chache kwa mtu wa Docker na Flatpak (vyombo vya kuendesha na kusakinisha programu), vyote vinajaza /var, iliyo ndani ya /. Mimi nipo Btrfs (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski), kama Fedora Workstation ilivyo tangu toleo la 33 (2020): / na /home ni subvolumu (sehemu ndani ya patisheni moja) zinazogawana nafasi moja. Na anayefikiria XFS, mfumo mwingine wa mafaili, ajue patisheni yake haipunguziki ukubwa.

*

Yangu ilikufa diski yenyewe, patisheni zote zikaenda nayo. Kilichoniokoa ni eksteno (diski ya nje) na rsync (amri ya kunakili mafaili) ya kila wiki. Wa Timeshift (programu ya kuhifadhi nakala za mfumo) nao wakumbuke, /home haiingizi mpaka uiambie.

*

Mkuu, hiyo rsync unaweka --delete, ifute kwenye nakala ulichofuta kwenye mashine?

*

Naweka, ila natanguliza --dry-run (jaribio lisilogusa kitu) nione inataka kufuta nini.