Ngege wa dukani ana minyoo ya njano, na mtoto keshakula kipande

Mama Sauda, Bombo

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wengine hamjambo. Naandika usiku huu kwa sababu nikilala bila kuuliza sitapata usingizi.

Leo jioni nilipotoka kazini Wandegeya, ninakoshona nguo, nilipitia supamaketi moja nikachukua ngege wawili, hao ambao Watanzania huwaita sato. Kijana wa kaunta akawapara magamba, akawatoa matumbo, akanifungia na vipande vya barafu, nikapanda teksi hadi Bombo. Samaki mimi nawajua. Macho yalikuwa yamejaa na yanang'aa, matamvua mekundu, harufu ni ya ziwa tu.

Wa kwanza nilimkata vipande, nikamtia chumvi na ndimu, nikamkaanga. Sauda wangu ana miaka 4 na hangoji posho iive, nikampa kipande cha mkiani akakimaliza. Nilipomshika wa pili, nataka kumkata kichwa cha kutia mchuzi, nikainua kifuniko cha tamvua. Ndani kuna vifuko vya njano kama punje za mtama. Nilihesabu 7. Nikatoboa kimoja kwa ncha ya kisu, kikatoka kitu, kikajikunja na kujinyoosha juu ya ubao. Kiko hai, ndani ya samaki aliyelala kwenye barafu! Na pale moyo ulipokuwa kuna mnyoo mwingine, mwekundu, mrefu kama kidole changu cha mwisho, umejiviringa.

Nilipiga simu dukani. Aliyepokea akasema samaki wote wa ziwani wako hivyo, akakata.

Mama mkwe anasema kaanga sana, mle. Jirani anasema mwaga vyote na mtoto apelekwe hospitali usiku huu. Na mdogo wangu ana mimba ya miezi sita, alikuja kwa ajili ya huyo samaki. Nambieni wenye kujua: Sauda amedhurika? Huyu wa pili nimfanyeje?

Kaka wa Ggaba

Dada, tupa. Mwaka 1999 Ulaya walikataa samaki wa ziwa letu kwa sababu ya watu kuvulia sumu, na sisi tuliokuwa mwaloni tulilala njaa. Tangu hapo nikiona kitu kisicho cha kawaida ndani ya samaki sili. Minyoo inakuonyesha kwamba maji yameharibika.

Mfugaji, Mukono

Mama Sauda, kwanza tulia. Ulimkaanga mpaka mnofu ukawa mweupe na kuachana na mfupa? Kama ndiyo, hata kama kipande kile kilikuwa na buu ndani, lilikufa kwenye mafuta. Mnyoo aliyekufa hawezi kuishi tumboni mwa mtoto. Usimpeleke popote usiku. Hata mdogo wako ale bila hofu, mradi ameiva.

Nina mabwawa matatu ya ngege, na vifuko hivyo vya njano nilivijua kwa hasara. Mnunuzi wangu alifungua samaki watatu mbele yangu, akaona njano kwenye matamvua, akapandisha kreti zake tupu kwenye gari akaondoka. Nilikaa ukingoni mwa bwawa mpaka jua likazama. Kesho yake nikaenda Kajjansi, kwenye kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki, na huko ndiko nilikoeleweshwa.

Mnyoo wa njano unaitwa Klinostomamu. Mkubwa wake haishi ndani ya samaki, anaishi kooni mwa ndege, hasa korongo. Ndege akichovya mdomo majini, mayai yanaingia. Yanaanguliwa, kitoto kinaingia ndani ya konokono, kinazaana humo, kisha watoto wake wanatoka na kumtoboa samaki ngozi. Hapo wanajifunga kwenye kifuko na kungoja korongo amle samaki. Ndiyo maana wako hai kwenye barafu: barafu ya kaunta inawapoza tu. Yule mwekundu karibu na moyo ni wa kabila jingine, naye anamngoja mnandi au mwari.

Kaka wa Ggaba, naheshimu uliyoyapitia, lakini hapa unachanganya mambo mawili. Sumu haionekani kwa macho. Mnyoo ni kiumbe anayehitaji ndege, konokono na samaki wote wawepo. Ziwa lenye korongo wengi na nyasi nyingi za kando litakuwa nao hata kama maji ni safi.

Hatari ni kumla mbichi. Japani na Korea wapo watu waliokula samaki wabichi wa maji baridi, mnyoo huu ukajishika kooni mwao, koo likavimba na kuuma. Ndimu haiui. Chumvi ya kupaka haiui. Kinachoua ni moto: nyuzi 63 za Selsiasi katikati ya mnofu. Au baridi kali, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, na sehemu ya barafu ya firiji zetu za nyumbani mara nyingi haifiki huko, achilia mbali umeme unaokatika.

Kwa hiyo huyo wa pili: kata matamvua yote utupe, kwangua pale penye moyo, kisha pasua minofu na uishike mbele ya taa. Kifuko cha njano ndani ya nyama utakiona, kitoe kwa ncha ya kisu. Ukikuta vimeenea kila mahali, basi mwache, kwa sababu hata mimi singeweza kummeza. Utumbo mbichi usimpe paka. Ubao na kisu vioshe kwa maji ya moto na sabuni kabla hujakata nyanya.

Mimi nilikausha bwawa, nikamwaga chokaa, nikafyeka nyasi walikojificha konokono na kutandaza nyavu juu. Korongo bado anakuja kila asubuhi, anasimama kwenye nguzo na kutazama.

Nasra, Masese

Mfugaji amesema vizuri. Niongeze la mukene, yaani dagaa wetu, maana ndio biashara yangu na wateja huniuliza kila wiki. Mukene aliyevimba tumbo ukimpasua utakuta utepe mweupe, bapa, wakati mwingine umejaa tumbo zima. Huo nao unamtafuta ndege, si mtu. Lakini mukene huliwa na tumbo lake, na jua la siku moja silihesabu kuwa ni mapishi. Mimi nawachambua waliovimba kabla ya kuanika, na nyumbani nawachemsha kwanza ndipo niwatie karanga.

Na wale wa bahari wanaoletwa wamegandishwa wana minyoo yao. Kuna watu miili yao inaikataa hata ikiwa imepikwa, wanatoka vipele na kuvimba midomo. Huyo ndiye wa kukimbiziwa hospitali.

Mama Sauda, Bombo

Mungu awalipe. Nilimkaanga mpaka mifupa ya mkia ikawa inavunjika, kwa hiyo moyo umetua. Sauda amelala, hana homa, hana kitu.

Huyo wa pili nimempasua mbele ya tochi ya simu kama mlivyonielekeza. Nyamani nimekuta viwili tu, upande wa mgongo. Nimevitoa, matamvua nimezika, mnofu sasa uko kwenye sigiri na mchuzi wa karanga, unachemka vizuri. Mdogo wangu amekaa pembeni anauangalia kila dakika.

Ila la dukani halijanitoka. Kijana aliyempara samaki yule aliyaona matamvua yale kabla yangu. Kesho nikienda kazini nitapitia nimwonyeshe picha, si kwa ugomvi, ajue tu cha kutazama, kisha amwambie mteja kabla hajalipa.

Mfugaji, Mukono

Mwonyeshe pia pa kuinua kifuniko. Wengi wanawapara haraka na hapo hawafiki.