Naomba ushauri: tindo na mwiko katika madaraja ya Frimasoni

Ndugu wanachama, ninaandaa maelezo ya Kiswahili kuhusu zana za waashi katika madaraja matatu ya Frimasoni, nami nimekwama. Nimelinganisha taratibu zilizoenea Uingereza na Marekani: kote mwanagenzi, yaani mwanachama wa daraja la kwanza, hupewa rula ya inchi 24, mfano wa saa za siku, na nyundo ya kuondolea kasoro za nafsi, lakini Waingereza huongeza tindo, ishara ya elimu. Katika daraja la tatu Wamarekani hutukuza mwiko, unaotandaza upendo wa kindugu kama saruji (taswira inayonigusa sana), ilhali Waingereza hutumia uzi wa kuchorea msingi, penseli na bikari.

Je, tofauti hizi zilitangulia muungano wa London wa 1813, ulioziunganisha jumuiya kuu mbili za Frimasoni za Uingereza, au zilitokana nao? Na uzi huo, unaozunguka kijiti cha katikati, mafundi wetu wanauitaje?