Naombeni ushauri: laptopu ya RAM GB 8 kwa mazoezi ya CCNA nyumbani

Habari zenu wakuu. Najiandaa na mtihani wa CCNA (cheti cha Cisco cha mitandao ya kompyuta), ule wenye namba 200-301. Sina uwezo wa kununua ruta na swichi halisi, kwa hiyo najifunzia kwenye laptopu yangu: Core i5, RAM GB 8.

Packet Tracer (programu ya Cisco ya kuigiza mitandao) ninayo, mazoezi ya VLAN (kugawa mtandao mmoja sehemu kadhaa) na OSPF (ruta kutafutiana njia) yanakwenda vizuri. Ila natamani kuona seva halisi ya DHCP (inayogawa anwani za IP) na DNS (inayogeuza majina kuwa anwani) ikijibu, siyo maigizo. Nikaweka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta pepe ndani ya laptopu, na kompyuta pepe mbili za Ubuntu (aina ya Linux). Ya kwanza ikapata anwani 10.0.2.15. Ya pili nayo 10.0.2.15! Jioni nzima nikahangaika nikidhani nimeharibu kitu, kumbe kwenye NAT (mpangilio unaoipa kompyuta pepe intaneti kupitia laptopu) kila moja inakaa kivyake, haiioni nyingine. Nimezihamishia mtandao wa ndani wa VirtualBox, nikaweka anwani kwa mkono, ping (jaribio la mawasiliano) kati yao ikajibu. Nilifurahi mno.

Sasa hazina intaneti, siwezi kusakinisha programu. Je, niongeze kadi ya pili ya mtandao iwe ya NAT, au niziunganishe moja kwa moja na ruta ya nyumbani?

Halafu nikiwasha kompyuta pepe ya tatu laptopu inaganda kabisa. Ninyi mnazipa RAM kiasi gani? Nifikirie Ubuntu Server, isiyo na madirisha? Na GNS3 (programu nyingine ya kuigiza mitandao) kwa mashine kama hii inabebeka, au niongeze RAM kwanza?

Mliofanya mtihani kwa kujisomea nyumbani, naombeni mnielekeze.