Nesi wa tieta (chumba cha upasuaji) nataka kwenda kujitolea kwenye meli ya hospitali Sierra Leone, aliyewahi anisaidie

nesi_nyandazajuu

Habari za humu ndani wakubwa kwa wadogo. Mimi ni nesi, niko tieta ya hospitali ya wilaya huku Nyanda za Juu Kusini, kazi zetu nyingi ni wazazi wa kujifungua kwa kisu, henia, busha, apendeksi na majeruhi wa bodaboda, mnajua wenyewe. Sasa kuna rafiki alinirushia video ya ile meli ya Mercy Ships, Global Mercy, ikiwa Freetown inapasua watu bure kabisa, uvimbe wa taya, mdomo sungura, mtoto wa jicho, watoto wenye matege. Toka siku hiyo sijatulia.

Nikaingia kwenye tovuti yao, kweli wanachukua manesi wa nchi mbalimbali na sio lazima uhamie huko, unaweza kwenda kwa muda mfupi. Ila kilichoniacha mdomo wazi ni kwamba hulipwi hata senti, afu juu yake nauli ni yako na bima yako!! Yaani nijitolee na bado nitoe hela? Nilivyomwambia mzee wa nyumbani alicheka mpaka akaweka kikombe chini, akasema basi na mimi nitajitolea kwenda Dubai.

Naomba kujua, kuna Mtanzania au Mkenya aliyewahi kwenda? Hiyo hela mlitoa wapi? Mwajiri serikali anakuachia kweli? Na nikifika nitafanya kazi yangu au nitaishia kufuta meza na kupiga picha? Kiingereza changu ni cha ripoti na cha daktari, sio cha stori.

mzeewakijiwe

Kwani hii ndo ile meli ya Wachina iliyotia nanga Dar 2017? Shemeji yangu alipanga foleni akapimwa macho pale.

skrabu_mama

@mzeewakijiwe hapana mzee, ile ni Peace Ark, ya jeshi la majini la China, imekuja Dar 2010, 2017 na tena 2024, wale ni wanajeshi wako kazini. Hawa wa Mercy Ships ni shirika la Kikristo lilianza 1978, na karibu wote humo ndani ni wa kujitolea.

@nesi_nyandazajuu mdogo wangu pole na karibu. Mimi nilikuwa Africa Mercy ilipokuwa Toamasina, Madagascar, miaka ile ya 2015. Ile meli ni ya zamani, ilikuwa feri ya treni kule Denmark ikageuzwa hospitali, ikaanza kazi 2007. Hiyo Global Mercy ni mpya, imeundwa China toka mwanzo kwa kazi hiyo, mita 174, tieta sita, ilianzia Dakar 2022 ndo ikaenda Freetown 2023.

Kuhusu kufuta meza, ondoa wasiwasi. Nesi wa tieta ni nesi wa tieta. Unaskrabu (unanawa na kumpa daktari vifaa mezani), unasakyuleti (unazunguka kuleta vinavyohitajika), unahesabu swabu za kufyonza damu kwa sauti na mwenzako anaandika ubaoni, hesabu isipolingana hakuna anayefunga tumbo hata daktari awe bingwa wa mabingwa. Tofauti utakayoiona ni kwamba mezani daktari Mmarekani, wa usingizi Mwingereza, wewe Mtanzania, na kila mmoja kifaa kilekile anakiita jina lake, wiki ya kwanza unapewa usichoomba na wewe unatoa usichoombwa, afu mnazoeana. Kiingereza cha daktari kinatosha kabisa. Wagonjwa wana wakalimani, vijana wa palepale wanaoajiriwa na kulipwa, na bila wao meli nzima ni bubu.

Kitu ambacho video hazionyeshi ni kazi inayofanyika kabla ya kisu. Watoto wa mdomo sungura, hasa kaakaa likiwa wazi, hawawezi kunyonya, wanaletwa wamebaki mifupa na macho, huwezi kumtia mtoto wa hivyo usingizi. Kwa hiyo wanaingizwa kwenye mpango wa kulishwa, mama anafundishwa kumnywesha taratibu, anarudi kupima uzito, anarudi tena, mpaka afikishe kilo zinazotakiwa. Kuna mama mmoja nilikuwa namwona kila siku ya mzani anamvua mwanae mpaka shanga za kiunoni anavua, anajua zitawadanganya. Wodini ni chini kabisa hakuna dirisha, vitanda vimekaribiana, na ndugu wa mgonjwa analala kwenye godoro chini ya kitanda cha mgonjwa wake, usiku ukipita na tochi unaangalia usikanyage mkono wa mtu. Mchana wanapandishwa juu wapigwe na upepo kidogo.

Hela sasa. Mimi pia mwanzoni niliona wananichezea akili. Lakini melini miaka ile kapteni alikuwa analipia, mpishi analipia, hata dokta Gary Parker wa upasuaji wa uso na taya ambaye alikuwa nao toka miaka ya 1980 naye alikuwa kwa utaratibu huohuo wa kujitolea. Michango ya wafadhili iende kwa mgonjwa, wewe ujibebe. Mimi nilichangiwa na kanisa, na wale wa kozi moja chuoni, na kibubu changu. Na niseme tu, sisi kwa kamati ya harusi tunatoa laki bila kuuliza, ukisema unaenda kuhudumia wagonjwa watu wanakusoma meseji wanakaa kimya. Anza kuomba mapema na uwaandikie mmoja mmoja, grupu halichangi.

Soma maadili yao pia kabla ya kujaza fomu, kuna ibada na masharti ya maisha ya melini, usifike ndo ushangae.

AMO_wa_pwani

Mimi nitakuwa mchawi wa uzi huu, samahanini.

Hayo ya meli sawa, wale wanakaa miezi na miezi sehemu moja, wana mahali nchi kavu pa wagonjwa kusubiri na kupona. Lakini neno misheni ya tiba limebeba mengi. Nilipokuwa wilaya fulani lilikuja kundi kutoka nje, siwataji, wakakaa siku chache, nusu yao wanafunzi wanaotaka kushona binadamu kwa mara ya kwanza maana kwao hawaruhusiwi. Wakapasua mabusha na henia kwa fujo, picha kibao, ijumaa wakapanda ndege. Jumatatu asubuhi mzee mmoja kaja kashika suruali kwa mikono miwili, kidonda kinatoa usaha, natafuta faili, hakuna faili. Nyuzi walizotumia hatujui, dawa aliyopewa ina maandishi ya lugha sijawahi kuiona. Aliyesafisha kile kidonda kila siku mpaka kikapona ni mimi na nesi mmoja wa zamu, na hakuna aliyetupiga picha.

Kwa hiyo dada ukienda popote uliza kwanza, nani anabaki na mgonjwa mkiondoka? Wasipokuwa na jibu achana nao.

Na jingine, Sierra Leone wana shida kweli, Ebola ya 2014 iliwaua wahudumu wa afya wengi, sibishi. Ila kwenu hapo ukiondoka tieta inabaki na nani? Hospitali ya CCBRT pale Dar wanatibu fistula bure mwaka mzima, mama wa kijijini anatumiwa nauli kwa M-Pesa kupitia balozi, yaani mtu wao wa hukohuko kijijini, anakatiwa tiketi anakuja, mdomo sungura na macho pia wanafanya. Kujitolea sio lazima upande ndege.

nesi_nyandazajuu

@AMO_wa_pwani daktari umeongea ukweli ila tieta tuko manesi wa kutosha, nikiwa na ujauzito waliweza miezi mitatu wakati wa likizo ya uzazi, watashindwaje hii 😅 Na kwenda sitaki kwa ajili ya picha, nataka nione taya zinavyofanywa maana huku kwetu wakija wenye uvimbe tunaandika rufaa tu na wengi najua hawafiki huko tunakowaandikia.

@skrabu_mama asante dada, nimecheka hapo kwenye grupu halichangi.

utumishi_mtaani

Upande wa mwajiri. Likizo yako ya mwaka ni siku 28, ukienda kwa muda mfupi itumie hiyo, ndo njia isiyo na maneno. Zaidi ya hapo ni likizo bila malipo, unaandika barua kwa mkurugenzi kupitia kwa mganga mfawidhi na mganga mkuu wa wilaya, na uiandike mapema maana barua inaweza kulala kwenye meza ya mtu mpaka meli ikahama nchi. Kusafiri nje pia mtumishi wa umma anahitaji kibali hata kama hela ni yako. Usiende kimyakimya ukidhani hawatajua, wewe mwenyewe utaposti.

Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga hakikisha iko hai, na uombe barua yao kwamba huna kesi ya kinidhamu, mashirika ya nje karibu yote huidai.

nesi254

Salamu kutoka Eldoret. Mimi sijapanda hiyo meli lakini Sierra Leone nimefika, wakati wa Ebola 2015 Umoja wa Afrika ulipopeleka wahudumu kutoka nchi zetu nilikuwa mmoja wao. Ile tulilipwa, kwa hiyo usichanganye vitu. MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) pia wanalipa, unapewa mkataba na wanapenda sana mtu anayejua Kifaransa. Operation Smile unaenda siku chache, hasa kwa ajili ya mdomo sungura. Mercy Ships unajilipia. Kila mmoja ana mlango wake, angalia mfuko wako na likizo yako.

Na ujue matapeli wako kazini. Kuna mawakala huku kwenye WhatsApp wanauza "nafasi za kazi ya meli ya hospitali", lipa ya fomu, lipa ya medikali, lipa ya viza, afu namba inazimwa. Unaomba kwenye tovuti ya shirika lenyewe, hakuna wakala katikati.

Ukipata, kadi ya homa ya manjano ibebe mkononi sio kwenye begi, dawa ya kinga ya malaria meza, hiyo ya kusema sisi tumezoea malaria iache nyumbani. Na jiandae, uwanja wa ndege wa Freetown haupo Freetown, uko Lungi ng'ambo ya maji, ukishuka kwenye ndege bado unavuka kwa boti, na ndege nyingi zinafika usiku. Kama unatapika baharini meza kidonge kabla hujatoka uwanjani, kwenye boti utakuwa umechelewa.

nesi_nyandazajuu

Mimi bahari nimeiona mara moja tu Kigamboni jamani 😂 Kidonge gani hicho?