Ushauri: siku saba kwenye ufuo usio na watu, tubebe nini?

BintiMzee: Wakuu, habari zenu. Wiki ijayo nakwenda kwenye ufuo usio na hoteli wala umeme, na mtandao haushiki. Mashua inatushusha, inarudi siku ya saba. Mwenye mashua kasema maji ni mafu, yaani hayapandi sana, halafu tutakuwa na mwezi mpevu usiku. Nimeshalipa, kwa hiyo msiniambie niahirishe. Nisaidieni tu vitu vya kubeba. Usingizi umenipaa.

Chumvichumvi: Maji ya kunywa kwanza. Weka lita nne kwa mtu kwa siku, kisha ongeza. Ya bahari hata uyachemshe, chumvi inabaki palepale.

Gizani: Mimi niongelee kasa. Ukiona mburuzo mpana mchangani kama wa tairi, huyo kapanda kutaga. Usimmulike tochi, atageuza arudi baharini na mayai yake. Niliwahi kukaa gizani nikimsikia akifukua, mchanga unanirukia magotini. Sijasahau mpaka leo.

TangaMbili: Umeandika "inatushusha". Wewe na nani?

BintiMzee: Na baba.

TangaMbili: Mzee ana umri gani? Afya yake?

BintiMzee: Miaka 71. Ana kisukari, anajidunga insulini. Nyayo zimekufa ganzi. Mwezi uliopita alikanyaga msumari akashinda nao. Niliuona mimi jioni alipovua kandambili. Lakini safari kaiomba yeye mwenyewe. Anataka kusikia mawimbi bila muziki wa mtu. Nimnyimeje?

Mwema: Kumbe swali lenyewe ulilificha! Dada, kumpenda mzazi si kumkubalia kila kitu. Mama yangu alitaka kupanda mlima na presha yake. Nilikataa, akaninunia miezi miwili, ila yupo.

Gizani: Wangu sikumpeleka alikotaka. Nami ninalo hilo.

ZamuYaUsiku: Nimeuguza wagonjwa wa sukari miaka mingi. Mchanga wa saa saba mchana unababua, na yeye hatausikia. Avae viatu muda wote, hata ndani ya maji, maana matumbawe yanakata na kidonda chake hakitapona upesi. Kila jioni mkague nyayo kwa tochi, hadi katikati ya vidole. Insulini isipigwe na joto: chukua chungu kidogo, kiweke ndani ya kikubwa, jaza mchanga uliolowa katikati, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Beba mashine ya kupimia, na sukari au glukosi akishuka ghafla.

Mdadisi77: Jamani, hii ni chai. Maji mafu na mwezi mpevu vinakutana wapi? Mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, maji hupanda sana. Mnamlilia mtu aliyetunga.

Chumvichumvi: Hata mimi hapo nilisita.

BintiMzee: Sijatunga! Tunafika mwezi ukiwa nusu, tunaondoka ukiwa mpevu. Niliandika kwa haraka. Ningetunga msumari kwenye mguu wa baba yangu?

TangaMbili: Mdadisi, hesabu inakubali: kutoka mwezi nusu hadi mpevu ni kama siku saba. Ila dada, hapo ndipo pa kuogopa. Maji yatazidi kupanda kila siku. Hema utakaloona liko pakavu siku ya kwanza, usiku wa sita litaogelea. Usipime mwisho wa maji kwa mwani mbichi. Panda hadi majani yanapoota, wala si chini ya mnazi wenye nazi. Na mashua ipite katikati ya wiki.

Mdadisi77: Basi nisamehe, dada. Viatu vya majini achukue vyenye soli ngumu.

BintiMzee: Nimempigia mwenye mashua, atapita siku ya tatu na ya tano. Chungu kikubwa ninacho, kidogo natafuta. Nimemwuliza baba kama hema likikaa juu kwenye majani atayasikia mawimbi. Kasema bamvua husikika hata ukiwa umelala.