Tom na Jerry: kicheko ni cha mtunga vituko au cha mshika muda?

Mzee wa Kanda: Wadau, jana tumebishana kazini hadi chai ikapoa. Mwenzangu anasema utamu wa zile katuni za zamani za paka Tom na panya Jerry, filamu 114 za waongozaji William Hanna na Joseph Barbera kuanzia 1940 hadi 1958, uko kwenye vituko: pasi usoni, mtego wa panya, mkia kwenye soketi. Mimi nasema vituko hata mtoto anabuni, kazi ni kujua kitue lini. Barbera ndiye aliyechora hadithi na vituko, Hanna akashika muda. Sifa ni ya nani? Oscar kumi hazikuja bure.

Fundi Video: Saba, mkuu, si kumi. Ila kwenye muda niko na wewe. Mimi nahariri video za harusi, fremu, yaani picha mojamoja za filamu, ndiyo ugali wangu. Chuck Jones, mwongozaji wa katuni za Coyote, mnyama kama mbweha anayemkimbiza ndege Road Runner, alieleza kwamba Coyote akitumbukia korongoni anazidi kuwa mdogo kwa fremu 18 hadi anapotea, halafu zinapita fremu 14 bila kitu, ndipo vumbi linatimka. Kwake 13 hazikuchekesha, 15 pia. Na sekunde nzima ina fremu 24! Kwenye ule utupu mtazamaji anajiuliza mwenyewe, "kafika?" Ukimwonyesha mapema umemnyima. Hata Tom, yule mama mwenye nyumba tunayeonyeshwa miguu tu akiita "Thomas!", tuliyemwita mama wa miguu, kwanza paka anaganda na sahani mikononi. Mimi nacheka pale anapoganda, sahani bado hazijaanguka.

Binti wa Mvita: "Mama wa miguu"? Ana sauti, na sauti ina mwenyewe: Lillian Randolph, mwigizaji Mweusi wa Marekani. Wakamchora kuanzia kiunoni kwenda chini, soksi zimeporomoka, ufagio mkononi, kwa mtindo uleule wa kuwakejeli watumishi Weusi. Nilimcheka nikiwa mdogo. Nilipoelewa nilichokuwa nacheka, niliumia. Na wewe unamtaja kama kiti.

Fundi Video: Dada, sikumdharau. Ndivyo tulivyomwita mtaani kwetu tangu utotoni.

Binti wa Mvita: Utotoni sawa. Sasa una ndevu.

Kaka Kigoma: Tusihukumu watu wa 1940 kwa macho ya leo. Na mnajua walichofanya miaka ya 60? Kwa ajili ya televisheni ya Marekani walimfuta katika baadhi ya filamu, wakachora mwanamke mwembamba Mzungu, sauti ya mwigizaji June Foray. Hiyo ndiyo haki mnayoitaka?

Binti wa Mvita: Nani kataka afutwe? Usinilishe maneno. Nimesema atajwe.

Mpiga Kinanda: Mnagombana, na Scott Bradley, mtunzi wa muziki wa filamu hizo, mmemsahau. Tom na Jerry kwa kawaida hawaongei, kwa hiyo muziki ndio unaoongea. Paka akinyata, filimbi zinanyata naye. Zima sauti utazame, kicheko kinakufa nusu.

Mzee wa Kanda: Jamani, nimeuliza Hanna au Barbera.

Kaka Kigoma: Mkuu, aliyesema tumchore mama vile ni mtunga vituko au mshika muda? Hapo ndipo swali lako linapouma.

Mzee wa Kanda: Sijalifikiria hivyo. Ninachojua, ule ukelele wa Tom akibanwa kidole ni koo la Hanna mwenyewe. Unakatika ghafla, na pale unapokatika ndipo mbavu zangu huuma.

Mpiga Kinanda: Zile Tom na Jerry 13 zilizotengenezwa Prague na mwongozaji Gene Deitch ndizo ushahidi kwamba vipigo peke yake havitoshi. Vipigo vilevile, sauti zinarudi mwangwi kama kisimani, na sisi nyumbani hatukucheka.

Mama Wawili: Kwetu tulicheka. Kanda tuliyokuwa nayo ilikuwa ya hizo hizo, na marehemu baba alikuwa anairudisha nyuma atuonyeshe tena. Usiseme hazichekeshi, sema hazikukuchekesha wewe.

Fundi Video: Dada wa Mvita, nimeitazama tena filamu ile usiku nikiwa na kompyuta, nikisogeza fremu mojamoja. Randolph anaita, ananyamaza, halafu anaita tena kwa sauti ya chini zaidi. Tom anaganda katikati ya miito miwili. Kama asingenyamaza pale, Hanna asingekuwa na kitu cha kupima.

Binti wa Mvita: Basi na jina lake liandikwe kwenye orodha ya sifa. La Hanna na la Barbera tunayasoma mwanzoni. La kwake halimo.